Berlin, kwa Mjusi wa Tendaguru

Sisi tuliokulia Lindi tumemsikia mjusi, yule dinosaria wa Tendaguru aliyeko makumbusho ya Berlin, kabla ya kumwona. Tulimsikia kwa walimu, kwa wazee barazani, na kwa wabunge wetu kila mmoja wao aliposimama kuuliza mjusi atarudi lini, na kama harudi, viingilio vya watu wanaokwenda kumtazama vinatufaa nini sisi. Kwa hiyo shughuli zangu ziliponifikisha Berlin, sikuulizia mabaki ya ukuta wala Lango la Brandenburg. Niliulizia iko wapi Invalidenstraße, barabara ya makumbusho alimo mjusi.

Nilifikia kwa binti wa mama yangu mdogo, anayeishi Wedding, kwenye kipande cha jiji ambacho wenyewe wanakiita Mtaa wa Kiafrika. Msomaji asidhani umeitwa hivyo kwa sababu ya wakazi wake. Togostraße, Ugandastraße, Sansibarstraße: majina haya yalianza kubandikwa enzi ambazo Ujerumani ilikuwa na makoloni na inataka raia wake wayajue. Kuna barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule yule aliyepita Usagara mwaka 1884 akiwatilisha machifu sahihi kwenye mikataba wasiyoweza kuisoma. Mwaka 1986, aibu ilipozidi, manispaa ikatangaza kwamba tangu sasa Peters anayekusudiwa ni mwingine, Hans. Kibao hakikubadilika hata herufi. Ilibidi ifike Agosti 2024 ndipo barabara ikagawanywa mara mbili, na upande mmoja ukaitwa Maji-Maji-Allee. Nilisimama chini ya kibao hicho asubuhi moja ya baridi, nikiwa na mfuko wa mikate mkononi, na watu wa huko wakanipita wakidhani nimepotea.

Dada ana kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo, mzaliwa wa huko huko. Kiswahili anacho, ila anakizungumza kwa tahadhari, kila ngeli akiipima kabla hajaitoa. Nilipomwambia twende wote makumbusho nikamwonyeshe mjusi wa kwetu, akaniamkia kwa adabu zote kisha akakataa.

"Mjomba, samahani. Nilipelekwa na shule. Tulipewa karatasi ya maswali 20, tukajibu, tukala mkate, tukarudi. Imetosha."

Nilimwelewa. Mimi mwenyewe, nilipoingia mara ya kwanza Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam, niliingia kwa foleni, nimeshika shati la aliye mbele yangu, na sauti ya mwalimu ikirudia neno moja: msiguse. Fuvu la Zinjanthropus, lile alilolivumbua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, nililipita bila kujua kwamba dunia nzima inalitamani. Nilichokumbuka jioni ilikuwa soda.

Tukapatana. Kwanza yeye anipeleke kwenye makumbusho anayoyapenda, halafu mimi nimpeleke kwenye yangu.

Yake yako Karl-Marx-Allee, barabara pana mno iliyojengwa na serikali ya Ujerumani Mashariki na kutumika kwa magwaride, majumba yake yamevaa vigae toka chini hadi juu. Humo ndani kuna Computerspielemuseum, makumbusho ya michezo ya kompyuta. Nilikwenda nikitarajia watoto. Nilikuta watu wazima wa miaka 20 na kitu, wawili wawili, wanne wanne, wanacheka. Kuna mashine iliyotengenezwa Ujerumani Mashariki katika miaka ya 1980, Poly-Play, kasha lake la mbao kama kabati la sebuleni, na bado inachezeka. Lakini umati ulikuwa mahali pengine, kuzunguka meza inayoitwa PainStation.

Nieleze vizuri, maana nikieleza haraka hamtaniamini. Ni meza ya wachezaji wawili wanaotazamana. Mchezo wenyewe ni ule wa kale kabisa, mpira unakwenda na kurudi kwenye skrini na wewe unauzuia kwa kigongo. Mkono wa kulia unacheza. Mkono wa kushoto unaulaza juu ya bamba, na hapo ndipo unapolipia makosa yako: ukikosa mpira, bamba linaweza kupata moto, au kukupiga shoti ya umeme, au kijiti chenye kamba kinazunguka na kukuchapa mgongo wa kiganja. Ukiuinua mkono, umeshindwa. Wasanii wawili wa Kijerumani, Volker Morawe na Tilman Reiff, waliibuni mwaka 2001, na mpaka leo watu wanapanga foleni kwenda kuumizwa kwa hiari yao.

Mpwa wangu alicheza na msichana asiyemjua. Alishindwa, akafutia kiganja chake kwenye suruali huku anacheka na machozi yanamlenga. Waliosimama pembeni walikuwa wanahesabu, wanashangilia, wanamshauri, wanamzomea. Hapo ndipo nilipojua nimeshaiona hali hii. Ukienda Temeke jioni ukakuta kibanda cha gemu, televisheni mbili na pedi nne zilizochakaa, hali ni hii hii: wawili wanacheza mpira, kumi wamesimama nyuma yao wanatoa maoni, aliyefungwa anampisha mwingine. Hakuna aliyewatangazia. Hakuna mtu mle ndani asiye na kazi, hata yule asiye na hela ya kucheza ana kazi ya kuchambua.

Yule msichana aliyemshinda mpwa wangu anasomea usanifu wa maonyesho. Tulikaa naye kwenye benchi, akatuambia jambo ambalo wakurugenzi wa makumbusho wangelilipia. Alisema wengi wakisikia "kuwavuta vijana" hukimbilia kununua skrini. Wanaitundika karibu na kabati la vioo, wanaweka maandishi yale yale yaliyoko ukutani, kisha wanashangaa vijana hawaji. "Hilo ni bango linalokula umeme," alisema. Kwake yeye, swali la kwanza ni kijana akifika pale mikono yake itafanya nini, na la pili ni rafiki aliyekuja naye atafanya nini wakati huo. Kifaa kinachomfunika mtu macho na masikio kikamtenga na mwenzake, hata kiwe cha ajabu namna gani, hujaribiwa mara moja tu.

Hapo simkubalii moja kwa moja. Zipo safari ambazo mtu anazihitaji peke yake. Ila mawazo haya Wajerumani hawakuyaokota hewani. Kati ya 2017 na 2023 serikali yao ya shirikisho iligharimia mradi ulioitwa museum4punkt0, makumbusho kadhaa yakajaribu miwani ya uhalisia pepe, picha za pande tatu, programu za simu na mengineyo, wakawaweka wageni wajaribu, wakasikiliza malalamiko, wakarekebisha. Kilichonipendeza ni kwamba programu walizoandika waliziachia bure, kila mwenye kutaka achukue. Na kabla ya kompyuta zote hizo, mwaka 1997, Berlin hii hii ilianzisha usiku wa makumbusho: tiketi moja, milango mingi, mpaka saa nane za usiku. Vijana wanaosema hawana muda wa makumbusho mchana, usiku wanao, kwa sababu wanakwenda na wenzao.

Msichana yule alitutajia pia Naples, Italia, ambako makumbusho ya akiolojia yalitoa mwaka 2017 gemu ya bure ya simu, *Father and Son*. Mchezaji ni kijana anayefuatilia nyayo za baba yake mwanaakiolojia ambaye hakuwahi kumjua, na anajikuta anatembea Naples ya leo, Misri ya kale na Pompeii. Ujanja uko hapa: baadhi ya mambo ndani ya gemu hayafunguki mpaka ufike na simu yako kwenye makumbusho yenyewe. Imepakuliwa mara mamilioni. Mtu aliyeko Mbagala anaweza kuicheza bure, ukiacha gharama ya bando.

Njaa ikatutoa. Tulikula kebabu ya kuku barabarani, mkate umepasuliwa ukajazwa nyama, kabichi nyekundu na mchuzi wa vitunguu saumu, chakula kilicholetwa na Waturuki waliokuja kufanya kazi viwandani baada ya mkataba wa 1961. Leo hakuna Mberlini anayekiita cha kigeni. Muuzaji alituuliza tunatoka wapi, nilipojibu Tanzania akasema "Serengeti". Nilipomwambia Lindi akaongeza pilipili.

Kesho yake ikawa zamu yangu.

Museum für Naturkunde ni jengo la mawe la karne ya 19. Unakata tiketi, unapita mlango, na hapo hapo, bila hata kukupa nafasi ya kuvua koti, yuko mbele yako. Mjusi wa Tendaguru ana urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini. Shingo yake inapanda mpaka unapata maumivu ya yako. Miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mbavu ambazo ndani yake daladala lingeingia likaegeshwa. Aliishi miaka milioni 150 iliyopita, siku moja ya mwendo kutoka mahali ambapo bibi yangu alikuwa na shamba la mihogo. Sikusema kitu kwa muda. Mpwa wangu naye alinyamaza, jambo ambalo mama yake aliponisikia nikimsimulia jioni alilikataa.

Pembeni ya kiunzi kuna darubini. Wanaziita Jurascope, zilitengenezwa na studio ya Berlin iitwayo ART+COM ukumbi ulipofunguliwa upya mwaka 2007. Kwa mbali ni kama darubini za ufukweni za kutazamia meli. Unaielekeza kwenye mifupa, unaona mifupa. Kisha ukiendelea kutazama, viungo vya ndani vinajipanga mahali pake, misuli inavifunika, ngozi inaifunika misuli, na ghafla ukumbi wote unatoweka: mnyama yuko porini kwake, anageuza shingo, anatafuna, anaondoka. Inachukua kama nusu dakika. Ukiondoa jicho, mifupa imerudi mahali pake.

Nilimtazama mpwa wangu. Alikwenda kwa mjusi mkubwa, akaenda kwa wadogo, akarudi kwa mkubwa. Alimwita kijana mwingine asiyemjua akamwonyesha aanzie wapi. Hakuna karatasi ya maswali, na mwenyewe alianza kuuliza. Kifaa hiki kina umri karibu sawa na wake, hakina intaneti, hakikuombi upakue chochote wala ujiandikishe kwa barua pepe, na bado kinafanya kazi kwa sababu kinafanya jambo moja tu na kinalifanya juu ya kitu halisi kilichosimama mbele yako. Ungeweza kuiona picha hiyo hiyo kwenye simu ukiwa kitandani, usishtuke. Pale unashtuka kwa sababu mfupa upo.

Kisha akauliza: "Mjomba, huyu aliletwaje huku?"

Akarudi kwenye darubini, nadhani akitafuta jibu humo. Darubini inaonyesha mnyama, misuli yake na msitu wake. Watu haiwaonyeshi.

Basi ikabidi kazi hiyo niifanye mimi, kwa mdomo, tumesimama kati ya miguu ya mjusi. Nilimwambia kwamba mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alioneshwa mifupa hiyo karibu na kilima cha Tendaguru, katika nchi ambayo vita vya Maji Maji vilikuwa vimeichoma na njaa ilikuwa inaimaliza. Kwamba mwaka 1909 wakaja wataalamu Werner Janensch na Edwin Hennig, wakachimba, na kazi ikaendelea mpaka 1913, lakini "wakachimba" ni namna ya kusema tu, maana walioshika majembe walikuwa watu wa kwetu, mamia yao, wengine wakiwa wamehamia na wake zao na watoto, mpaka kukawa na kijiji pale kilimani. Kwamba msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja kuliko wasomi wengi. Na kwamba mzigo wote ule, zaidi ya tani 200, hakuna gari wala mnyama aliyeubeba, kwa sababu ya mbung'o. Ulibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku tatu nne, kwenda na kurudi, msimu baada ya msimu.

Mjusi alipopewa jina la kitaalamu mwaka 1914, alipewa jina la mkurugenzi wa makumbusho, Branca. Mwingine mdogo kutoka Tendaguru ana jina la Lettow-Vorbeck, jenerali aliyeipitisha vita yake juu ya vichwa vya watu wetu. Boheti alisubiri mpaka 2007, ndipo mjusi mmoja akaitwa *Australodocus bohetii*.

Niongeze jambo moja ambalo lilimgusa kijana kuliko yote hayo. Baadhi ya mifupa ilifungwa kwenye magamba ya mianzi yaliyosukwa na mafundi wa kule kule ili isivunjike njiani. Mizigo kadhaa ya mianzi ilikaa kwenye stoo za Berlin zaidi ya miaka 100 bila kufunguliwa, mpaka wataalamu wakaanza kuichungulia kwa mashine ya CT ile ya hospitalini, wasilazimike kukata kamba. Maana yake vifundo vya kamba alivyofunga mtu wa Lindi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia bado viko kama alivyoviacha.

"Hiyo ndiyo gemu," mpwa wangu akasema.

Jioni, mbele ya wali wa nazi ambao dada alikuwa ameutafutia tui la kopo maduka matatu, tuliijadili kwa kirefu. Yeye alitaka mchezo wa watu wengi: kila mchezaji anapewa mzigo, mnatoka Tendaguru, kuna jua, kuna mto umejaa, kuna mwenzenu anaumwa, mnaamua mnamwacha au mnagawana mfupa wake. Mkifika bandarini karani anaandika idadi ya masanduku, majina yenu hayaandiki. Mchezo unaisha hivyo. Nilimwambia mateso ya watu si kitu cha kufanyia burudani, na nikamkumbusha jinsi alivyokuwa anacheka jana na mkono umemvimba. Akanijibu kwamba jana alicheka kwa kuwa alichagua mwenyewe, na kwamba mchezo ambao huwezi kuushinda hauchekeshi. Dada akasema tule kwanza.

Nimeliwaza tangu siku hiyo na bado sijakubali la kukaa kwenye kiti Berlin na kubeba mzigo kwa kidole gumba. Lakini kijana ana haki katika kubwa lake: alikuja makumbusho kwa kusukumwa, akaondoka na kazi ya kufanya. Darubini ilimfungulia mlango, na mtu wa kumjibu akamfanya aingie. Vyote viwili vilihitajika. Kama ningekuwa na sauti kwenye vikao vya bajeti, ningeomba kifaa kimoja kizuri na vijana watano waliofundishwa kuzungumza na vijana wenzao, badala ya vifaa sita na mlinzi mmoja.

Na kwetu? Mjusi mwenyewe sioni akirudi karibuni, wala sitaki kuwaingilia wabunge kazi yao. Lakini njia ya wapagazi haikuchukuliwa na mtu. Iko Lindi. Kijana wa Mtwara au Dar mwenye simu ya kawaida angeweza kuitembea akisikiliza sauti masikioni: hapa palikuwa kambi, hapa mto, hapa bandari. Isiwe programu ya kumla mtu bando la wiki nzima. Sauti ipakuliwe mara moja, ifanye kazi mahali pasipo mtandao, na itembewe kwa makundi, kwa maana vijana wetu hawatembei peke yao. Mifupa yenyewe inaweza kuonekana kwa picha za pande tatu, na Berlin wanazo. Kuwaomba watupe za mjusi wetu ni ombi dogo kuliko kumwomba mjusi.

Mpwa wangu amesema atakuja kiangazi, na ameanza kumsumbua mama yake kuhusu nauli. Sijui kama ataweza. Lakini ninyi mliopo, mnaosoma kompyuta Lindi, Mtwara, Dodoma, msimsubiri, wala msimsubiri mfadhili. Wazee waliosimuliwa habari za Tendaguru na babu zao waliobeba ile mifupa wamebaki wachache sana. Nendeni mkawarekodi mwaka huu, kabla hamjaandika mstari wa kwanza wa programu.